Kwa Nini Gela Huitwa Kwanza na Bibi Yake

Kulikuwa na wakati hapa Lomara ambapo usingempata mtu hata mmoja aitwaye Gela. Leo ukisimama pale kwenye chemchemi ukaliita jina hilo, watageuka wanaume kumi na mmoja na mbwa wawili, na mmoja wa hao wanaume atakuja mbio kukuuliza unamtaka Gela yupi, na kabla hujamjibu ameshaondoka. Lakini enzi hizo ninazozisema, kumwita mtoto Gela ilikuwa sawasawa na kumtukania mama yake. Gela ni mbwa mwitu katika lugha ya wazee wetu. Na kwetu sisi watu wa milima ya Jojia, mbwa mwitu ni yule aliyekula kondoo wako wa mwisho mwezi wa pili, wakati hata majani makavu ya akiba yamekwisha ghalani. Nani atampa mwanawe jina la mwizi wake?

Hebu sogeeni karibu. Tebrole, wewe uliyeolewa hapa juzi ndiye uliyeuliza kwa nini leo naitwa mimi mlangoni badala ya baba wa mtoto, basi sikiliza vizuri, na uache kumfunuafunua mjukuu wangu, baridi hiyo. Mkate bado uko tanurini. Nami nikiinukainuka msinishangae. Siku kama ya leo sijui kukaa.

Zamani hizo kila ukoo ulikuwa na majina yake kama ulivyokuwa na mashamba yake, tena machache, na kulipoteza moja ilikuwa aibu. Mzee akifa, jina lake lilikaa likimsubiri mtoto wa kiume atakayezaliwa. Mtoto akizaliwa, mama yake alikuwa hayupo nyumbani. Alikuwa kule ng'ambo ya kijito, kwenye kibanda cha uzazi, peke yake na kitoto chake, siku arobaini. Mwanamume haruhusiwi kuvuka. Wanawake walimletea chakula wakakiweka juu ya jiwe na kurudi bila kumgusa. Ati damu ya uzazi itaichukiza mizimu inayokilinda kijiji. Nasema wazi, ilikuwa desturi ya ovyo, na aliyeitunga hakuwahi kuzaa. Mimi wanangu niliwazaa hospitali, kitandani, nikiletewa supu.

Siku ya arobaini mama anarudi, na hapo ndipo jina linapotolewa. Katikati ya nyumba kulikuwa na meko, na juu ya meko unaning'inia mnyororo mweusi wa kutundikia sufuria. Mnyororo huo ndio uliokuwa roho ya nyumba. Ukiapa umeushika hurudi nyuma. Baba anaushika kwa mkono mmoja, mkono wa pili kampakata mtoto, halafu anaelekeza uso kwenye tundu la moshi na kuliita jina la marehemu mara tatu, kwa sauti ya kupasua kifua, ili marehemu huko aliko asikie kwamba jina lake limepata mtu. Kisha unaliwa mkate wa jina, watu wanakunywa, wanaimba.

Sasa, katika nyumba moja ya hapa juu alikuwako mwanamke aitwaye Sandua. Mume wake aliitwa Zurab. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Berdia, naye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni siku Zurab alipokuwa akiwashusha kondoo kutoka upande wa pili wa mlima, theluji ikaporomoka ikamfunika yeye na kondoo wote. Sandua alipanda kule mteremkoni siku tatu, anaita, mtoto mgongoni. Zurab, Zurab. Wanaume walimshika wakamteremsha kwa nguvu. Kiangazi kilipofika theluji ikayeyuka, wakatafuta, hata kiatu hawakukipata.

Mwenye kaburi ana pa kulilia. Sandua hakuwa na kaburi, hakuwa na nguo yenye damu, hakuwa na chochote ila lile jina. Alilitunza. Alimlea Berdia akawa kijana mpole, wa kukubali kila anachoambiwa na mama yake, akamwoza binti wa bonde la jirani, jina lake Mzekala. Na siku ya arusi, watu bado wanakula, alikuwa ameshamnong'oneza bibi arusi jina la mjukuu wake wa kwanza. Mzekala alicheka, akasema sawa, mama.

Mtoto wa kwanza akazaliwa, wa kiume, mnene. Siku ya arobaini Berdia akashika mnyororo, akaita Zurab mara tatu. Siku kumi baadaye mtoto akafa. Watu wakasema ni baridi. Wa pili akazaliwa, wa kiume tena. Akaitwa Zurab. Huyu alikaa siku tatu. Watu wakasema ni maziwa. Wa tatu alipozaliwa Mzekala alimwomba mumewe wabadilishe, wamtafutie mtoto jina jingine, la upande wake hata la jirani, na Berdia akaenda kumuuliza mama yake. Sandua alikataa katakata. Alisema jina likishatamkwa kwenye mnyororo halirudishwi, likiachwa njiani litazunguka na kuidhuru nyumba, dawa yake ni kumpa anayefuata. Na wazee wote wakamuunga mkono, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, na hapana kitu watu wanachokishika kama kosa walilofundishwa na baba zao. Basi wa tatu naye akaitwa Zurab. Asubuhi ya pili Mzekala akamkuta amepoa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sitausimulia.

Nitasema tu kwamba kuanzia hapo Mzekala hakuwa mtu wa kukaa. Alikula amesimama. Alifagia palipofagiliwa. Alikwenda chemchemini na ndoo imejaa, akaimwaga, akateka upya. Ukimkuta asubuhi huku, adhuhuri yuko kule, kiguu na njia, roho juu juu, anaitazama milima kama mtu aliyeitwa na hajui ameitwa wapi. Mimba ya nne ilipoingia ndiyo ikawa balaa. Wanawake walimtania kwamba huyu sasa atazaa akiwa njiani, na mtoto atatoka akitembea. Aliwatazama tu, akapita.

Siku moja, wawili wao wakikanda unga, Mzekala alisimamisha mikono yake akamwambia mkwewe neno ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulisema katika nyumba ile.

"Mama, mnamwita yule mzee mara tatu, kwa sauti ya juu, mlango wazi. Halafu mnashangaa akija?"

Sandua hakukasirika mara moja. Alikaa akiuponda unga, akauponda, mpaka ukawa kama jiwe. Kisha akasema kwamba huyo ni babu yao, akija atakuja kuwabariki, na kama Mzekala ana hofu na marehemu basi hofu hiyo ndiyo inayowaua watoto. Maneno kama hayo hayafutiki. Tangu hapo walipika chungu kimoja na hawakusemezana.

Uchungu ulimjia Mzekala katikati ya majira ya baridi. Akajifunga shuka, akachukua kuni na kisu na mkate, akavuka kijito, akajifungua peke yake mtoto wa kiume. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Alizihesabu kwa kufunga mafundo kwenye uzi wa sufu. Kwenye fundo la kumi na tisa theluji ilianguka ambayo wazee wa wazee wetu waliizungumzia mpaka walipokufa. Njia ikafungika. Lile jiwe la chakula lilipotea kabisa, huoni lilipokuwa. Kule kijijini Berdia alichimba akaanguka, akachimba akaanguka, na wazee walipomwona amekaribia kijito walimrudisha wakimkumbusha kwamba mwanamume havuki. Akarudi. Mpole yule.

Fundo la ishirini na tatu, mkate ukaisha. Fundo la ishirini na tano, mtoto akashikwa na homa. Na asubuhi ya siku iliyofuata, kumekucha kabisa, jua linawaka juu ya theluji mpaka macho yanauma, Mzekala alisikia kitu kinanusa chini ya mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa fito tu zilizosukwa. Akachungulia kati ya fito, akamwona mbwa mwitu, mmoja, dume, mbavu zinahesabika. Alichukua fimbo, akampakata mtoto kifuani, akaanza kutembea, maana ndilo alilolijua. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Mbwa mwitu naye nje akawa anatembea. Mama akienda, anakwenda. Akigeuka, anageuka. Walitembea hivyo tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, huyu ndani, yule nje, kati yao fito. Na mtoto alikuwa ameacha kulia, joto la mwili wake linapita kwenye shuka, na huko kuacha kulia Mzekala alikujua, alikuwa amekusikia mara tatu.

Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi kwa namna yake. Aliwaza kwamba wale watatu walichukuliwa ndani ya nyumba yenye moto, kwa nyimbo, kwa mkate wa asali, kwa jina zuri la mtu mwema. Kifo kiliingia kikikaribishwa. Na huyu wa nje amekuja mchana kweupe anaonyesha meno. Akaona afadhali huyu, angalau kinajulikana alichokifuata. Akasimama. Akaweka mdomo wake kwenye fito.

"Umekuja kumchukua Zurab? Humu hamna Zurab. Humu yumo Gela, mwenzako. Nenda zako."

Akamgeukia mtoto akamwambia hivyo hivyo, masikioni, wewe ni Gela, wewe ni Gela, akarudia mpaka midomo ikamkauka. Kumbukeni, mwanamke hakuwa na ruhusa ya kutoa jina. Hapakuwa na mnyororo, hapakuwa na baba, hapakuwa na mkate, na jina lenyewe la nduli. Alikuwa amevunja yote matano kwa pumzi moja. Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, akatafuta ziwa.

Wako watakaowaambia kwamba mbwa mwitu aliinamisha kichwa, akaulinda mlango mpaka theluji ikayeyuka. Uongo mtupu. Mbwa mwitu alikuwa na njaa, aliona mlango haufunguki, akaenda kutafuta kwingine. Homa nayo ilishuka kwa sababu homa hupanda na kushuka. Mimi nasema lililotokea. Lakini na mimi ningekuwa mle ndani siku ile, na mwanangu akalia baada ya kunyamaza, hakuna ambaye angenitoa jina lile kinywani.

Njia ikafunguka, chakula kikafika, mafundo yakatimia arobaini. Mzekala akavuka kijito na mtoto wake akaingia nyumbani. Watu walikuwa wamejaa. Sandua alikuwa ameoka mkate wa jina, mkubwa kuliko ile mitatu, na wallahi msidhani alikuwa mwanamke mbaya. Alikuwa ameukanda ule mkate huku analia, anaomba huyu aishi. Alitaka aishi kuliko mtu yeyote. Ila alitaka aishi akiwa Zurab.

Berdia akampokea mtoto, akashika mnyororo, akaelekeza uso kwenye tundu la moshi. Mzekala hakuwa ameketi. Alisimama kati ya meko na mlango.

"Mume wangu," alisema, "watatu niliwatoa nikiwa kimya. Huyu simtoi. Huyu ana jina tayari, anaitwa Gela, na ukiliita lile jingine natoka naye sasa hivi, hamtatuona tena."

Mzee mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Mwingine akatema mate motoni. Wote wakamtazama Berdia, na Berdia, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpinga mama yake hata juu ya chumvi, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, akautazama mkono wake uliojaa masizi. Mtoto akaanza kuhangaika mkononi. Kisha akaita, kwa sauti ndogo mno, wazee walilalamika baadaye kwamba hawakusikia vizuri: Gela. Akaita tena. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati akamalizia kwa pumzi.

Sandua aliinuka, akauchukua ule mkate mezani kabla haujakatwa, akaufunga kwenye kitambaa kana kwamba anafunga mtoto. Akasema, "Basi mume wangu amekufa leo." Akaingia chumbani kwake.

Siku kumi zikapita. Mzekala hakulala. Arobaini zikapita. Mwaka ukapita, meno yakaota, na yule mtoto yuko. Bado mama yake aliinuka kila saa kwenda kuweka mkono chini ya pua yake. Hakuamini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu aliumwa mara tatu mahali pale pale.

Na bibi je? Bibi alimlea. Alimwogesha, alimlisha, alimtafunia nyama, alimkalisha mapajani wakati wa baridi. Lakini jina lake hakulitamka. Alimwita wewe. Alimwita huyo. Akitaka kumleta alisema njoo hapa, basi. Mzekala aliona, akanyamaza, maana alikuwa amempokonya mama wa watu kitu kimoja kikubwa na hakuwa na uso wa kumdai cha pili. Berdia aliona, akaenda kupasua kuni. Nyumba ilikaa hivyo miaka minne. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyetulia.

Mtoto mwenyewe, sitaki kusema. Alitembea kabla ya wenziwe na akakimbia kabla ya kujua kusimama vizuri. Alikaa tumboni mwa mama aliyekuwa kiguu na njia miezi tisa, mlitarajia nini? Ukimweka hapa yuko pale. Walimfunga kengele ya mbuzi kiunoni, akaivua akamfunga paka.

Ulikuwa wakati wa kukata majani, mnajua wenyewe, siku ambazo kijiji kizima kinapanda malisho ya juu na hakuna anayebaki chini ila wazee na watoto. Sandua alibaki na mjukuu. Akageuka tu kutoa jibini kwenye maji ya chumvi, kugeuka tena, hayupo. Akatazama nyuma ya nyumba, hayupo. Na alipoinua macho aliuona ukungu unapanda kutoka bondeni, mzito, tayari umeshameza mnara wa mawe ulioko chini ya kijiji.

Mnajua ukungu wetu, na mnajua tunavyowafundisha watoto. Tebrole hajui, kwao ni tambarare. Mwanangu, huku ukungu ukitanda mtoto anafundishwa akae pale pale alipo, asiende hata hatua, na asiitikie sauti yoyote isipokuwa inayomwita kwa jina lake. Maana wazee waliamini ndani ya ukungu kuna viumbe vinavyoita wewe, njoo, njoo huku, na ukivifuata vinakupeleka ukingoni. Havijui jina lako, ndiyo salama yako. Mzekala alimfundisha mwanawe jambo hilo kabla hajamfundisha kuomba maji.

Sandua alipanda mteremko. Alikuwa mzee sasa, magoti hayamtii, na mteremko ulikuwa ule ule. Aliita, "Wewe! Mtoto wewe! Njoo hapa!" Kimya. Akapanda tena kidogo, akaita. Wewe, njoo. Mto ulikuwa unasikika chini upande wa kushoto, kwa hiyo ukingo ulikuwa karibu, lakini karibu kiasi gani hakuona. Hakuona hata mkono wake. Aliita mpaka sauti ikaanza kupasuka, na woga ulipozidi kinywa chake kikafanya kilichozoea. Kikaita Zurab.

Akaita Zurab mara tatu, mahali pale pale alipoita miaka ile akiwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyejibu, kama ambavyo hakuna aliyejibu siku zile.

Akaanguka chini akakaa kwenye majani yaliyolowa. Alisimulia yeye mwenyewe baadaye, alimsimulia kila aliyetaka kusikia, ndiyo maana najua. Alisema aliona aibu. Alisema aliona kwamba jina lile amelibeba kama mtu anayebeba maji ya kuwapelekea watu wenye kiu, na watu wote wamekufa kiu na yeye ndoo ameikumbatia. Halikumleta mume. Halikuwaleta wale watatu. Na huyu wa nne, aliye hai, mwenye pua inayochuruzika na mikono inayonuka mbuzi, yuko mahali fulani ndani ya ukungu, na yeye bibi yake hajawahi hata siku moja kumwita.

Akafungua kinywa. Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili lilitoka dogo. Kisha akasimama na kuliita kwa nguvu zote zilizobaki mwilini mwake.

"Gela! Gela mwanangu! Mimi bibi yako!"

Na sauti ikamjibu kutoka chini kidogo, wala si mbali, sauti iliyotulia kabisa.

"Naam, bibi. Nipo hapa. Nilidhani unamtafuta mtu mwingine."

Alimkuta amekaa juu ya jiwe ukingoni, miguu yake inaning'inia hewani, na chini yake ukungu, na chini ya ukungu mto. Alikuwa amekaa kama alivyofundishwa. Kila mara alipoitwa wewe, njoo, aligeuza uso upande wa pili. Kitoto kile kilichokuwa hakijui kukaa, siku hiyo kilikaa, na hatua moja tu ya kumfuata bibi yake ingekimaliza.

Wazazi wake walishuka mbio kutoka malishoni, Mzekala mbele, hana viatu. Walipotokea kwenye ukungu walimkuta Sandua amesimama mlangoni, mtoto mikononi, uso wake umeelekea nje. Hakuelekea kwenye meko wala kwenye tundu la moshi, alielekea huku tunakoishi sisi tulio hai. Alikuwa analiita lile jina, Gela, Gela, Gela, na mtoto anaitika kila mara, naam, naam, mpaka akachoka akauliza bibi anataka nini. Mzekala akafika kizingitini. Akawasikiliza. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye jiwe la mlango, akaegemeza kichwa, akasinzia. Watu walimpita kwa kumruka, hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Basi toka jioni ile hapa Lomara mnyororo ulibaki kuwa wa kutundikia sufuria. Jina la mtoto wa kiume huitwa mlangoni, kuelekea nje, na anayeliita ni bibi mzaa baba, kwa kuwa yeye ndiye mara nyingi mwenye marehemu wa kumtamani. Na mtoto akizaliwa katika nyumba iliyopata msiba, kwanza huitwa Gela. Akishatimiza mwaka, akitaka ukoo, atapewa jina jingine. Wengi hawalitaki, wamekwisha kulizoea, ndiyo maana wako kumi na mmoja.

Na wote hawakai. Gela yule wa kwanza alikuja kuvuka mlima kwa miguu mwaka wa njaa akaleta chumvi na mbegu, akalala usiku mmoja akaondoka tena. Mjukuu wake Gela alijenga daraja la mawe pale chini. Mto ukalibeba, akajenga, ukalibeba, akajenga, na hilo la tatu ndilo mlilopita leo. Gela mwalimu alifundisha miaka thelathini bila kukalia kiti, na kile kiti bado ni kipya pale shuleni, nendeni mkakitazame. Mwanangu, baba wa huyu, tangu asubuhi nimemwona mara sita akipita dirishani na hajui anatafuta nini.

Haya. Harufu hiyo inasema mkate umeiva.

Mtasema ni rahisi, bibi kusimama mlangoni na kutaja neno moja. Mume wangu Ushangi ana majira mawili ya baridi tangu afe akaniacha. Nimemwita humu ndani kila asubuhi, nikiwa peke yangu, nikimimina chai ya watu wawili. Mjukuu huyu alipozaliwa na paji lile lile la uso la babu yake, jina lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Liko hapo mpaka sasa, nalisikia.

Nipeni mtoto. Fungueni mlango wote, hadi mwisho. Na wewe Tebrole, futa machozi, usije ukanifanya nikakosea jina.